Kapitale ya zamani ya China: walipataje kaskazini, na juu ya nini kaizari anaangalia kusini?

fundi_katuba
Jambo wandugu. Miye niko najenga manyumba hapa Lubumbashi, plani naisoma kila siku, lakini kuna karte moja inanisumbua kichwa. Ni ya Chang'an, leo wanaita Xi'an. Walianza kuijenga mwaka 582, Yuwen Kai njo alipanga, karibu kilometa 9.7 mashariki mpaka magharibi na 8.6 kaskazini mpaka kusini, barabara zote zimepigwa kamba kabisa, na ile ya katikati, Zhuque, upana wake ni kama meta 150!! Bila GPS walifanya aje? Na juu ya nini jumba la kaizari limewekwa kule juu kabisa kaskazini na yeye anakaa anaangalia kusini?

mwalimu_geo
Yaya, anza na jua. Xi'an iko nyuzi 34 kaskazini ya ikweta, kule saa sita mchana jua liko upande wa kusini mwaka muzima, kwa hiyo nyumba yenye kuangalia kusini inapata joto na inapa mgongo upepo wa baridi. Kwetu, kusini ya ikweta, ni kinyume: mwezi wa sita simama kwenye parseli saa sita, kivuli chako kinaanguka kusini. Ukikopi plani yao hivi hivi, baraza ya kiliya wako itakosa jua wakati wa baridi.
Alafu kuna utawala. Nyota ya kaskazini inabaki pahali pake, zingine zinaizunguka, na kaizari alihesabiwa vile. Yeye anaangalia kusini, wenye kuja kwake wanaangalia kaskazini.

dada_kamalondo
Plani ni nzuri lakini musisahau watu. Chang'an ilikatwa vipande 108 hivi, kila kartie na ukuta wake, jioni ngoma inalia milango inafungwa, ukikutwa barabarani unapigwa. Miye hapo nawaza muji wetu, wakoloni waliweka weusi kwenye kartie ya Kamalondo na wakaacha eneo tupu kati yao na wazungu. Mistari iliyonyooka inasaidia pia kubana watu, na hiyo lazima tuiseme.

fundi_katuba
Asante dada, ni kweli. Lakini kaskazini yenyewe, walipima na nini?

topo_wa_ruashi
Na kivuli tu, kaka. Iko kwenye Kaogongji, kitabu chao cha zamani cha kazi za ufundi. Unasawazisha udongo, unasimamisha nguzo na kamba yenye uzito ili isiiname, unachora duara kuizunguka. Asubuhi kivuli kinafupika, pale ncha inapogusa duara weka alama, mchana kinarefuka tena, weka ya pili. Unganisha hizo mbili, ni mashariki na magharibi. Sasa toka katikati ya huo mstari mpaka kwenye nguzo, njo kaskazini na kusini.
Kitabu hicho kinataka pia soko liwe nyuma ya jumba, ila Chang'an haikufuata, masoko yake mawili yako kusini. Beijing nayo, mstari wake wa katikati una kilometa 7.8, UNESCO iliuandika kwenye urithi wa dunia 2024, na umeinama kama nyuzi 2 kuelekea magharibi, wataalamu bado wanabishana sababu.
Jaribu kwenye shantie yako, fundi, inafanya kazi hapa pia. Wao usiku walihakikisha na nyota ya kaskazini, lakini hiyo sisi huku hatuioni, kwa hiyo rudilia kivuli siku mbili tatu.