Naomba ushauri: nimekwama idara moja katika mafunzo ya uwakili

Hamjambo mawakili na wanafunzi wenzangu. Nafanya mafunzo ya vitendo ya miezi 6 baada ya masomo ya Kenya School of Law, katika kampuni kubwa ya mawakili wa biashara hapa Nairobi.

Tangu niripoti, niko idara ya uhamishaji wa ardhi tu. Nafanya upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, nakagua kama hati bado inashikiliwa na benki kwa mkopo, nakokotoa ushuru wa stempu unaolipwa ardhi ikihamishwa, asilimia 4 ya thamani yake mjini na 2 mashambani. Kazi yenyewe naiheshimu, na wakili anayenisimamia ananifunza kweli: rasimu yangu hurudi imejaa wino mwekundu, na kila alama ina sababu yake. Lakini ninachotamani ni kesi za kibiashara, na mahakama ya Milimani sijaikanyaga hata siku moja.

Nilimwomba msimamizi anihamishe idara ya kesi kwa muda, akasema ningoje mauzo fulani makubwa yakamilike. Nikamwandikia afisa wa rasilimali watu, naye akanirudisha kwa msimamizi. Muda nao unayoyoma.

Nikimwendea mkuu wa idara ya kesi mwenyewe, nitaonekana nimemruka msimamizi wangu? Na nyinyi mliomaliza mafunzo mkiwa idara moja tu, mliingiaje kwenye kazi za mahakamani baada ya kuapishwa?

Natanguliza shukrani.