Kuanza kripto na shilingi 5,000: makato na vikwazo viko wapi hasa?

mwanagenzi
Wakuu, salaam. Niko upande wa Kenya. Nataka kununua kripto ya 5,000 kwa M-Pesa, niitoe sokoni (jukwaa la kununulia) niiweke kwenye pochi yangu mwenyewe (programu ya kuihifadhi), halafu siku nyingine niirudishe kuwa shilingi. Naomba kujua: hatua ni zipi, makato ni kiasi gani kwenda na kurudi, na kwa nini watu wengi huku kwetu wanajiandikisha halafu wanaishia njiani? Jibu la "kuwa makini" nimeshalisoma mara mia. Wa Tanzania pia karibuni.

fundi_p2p
Naanza na makato, maana yanajibu nusu ya swali lako la mwisho.

Tuseme dola iko 129. Kwenye P2P, yaani mtu kwa mtu, muuzaji atakuuzia USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwa 132, na siku unauza utampata wa kukulipa 127. 5,000 inakupa USDT 37.88. Ukiigeuza papo hapo inarudi 4,811. 189 zimebaki kwenye pengo la bei. Ongeza 57 za kutuma M-Pesa. Ukitoa USDT sokoni kwenda pochi yako, soko linakata, tuseme USDT 1, hiyo ni 127 nyingine. Jumla 373, zaidi ya asilimia 7, na bei yenyewe haijacheza. Pengo hubadilika kila siku, ila makato ya kutoa sokoni hayaangalii kiasi: anayetoa dola elfu anakatwa sawa na wewe. Kwa hiyo kama unajifunza tu, acha hiyo 5,000 iende kama karo, usiihesabu kuwa mtaji.

Hatua zenyewe: fungua akaunti kwa majina yaleyale yaliyosajili laini yako ya M-Pesa. Washa ulinzi wa hatua mbili kwa programu ya kuzalisha namba, siyo kwa SMS, kwa sababu anayeiteka laini yako anapata na SMS zako. Ingia P2P, chagua tangazo la mtu mwenye oda nyingi alizokamilisha na asilimia ya ukamilishaji juu ya 95. Usikimbilie bei ya chini kabisa kwenye orodha, mara nyingi ina sababu yake. Ukifungua oda, soko linazifunga sarafu za muuzaji, hawezi kuzigusa. Linganisha jina la M-Pesa na jina lililo kwenye akaunti yake, tuma pesa, ndipo ubonyeze "nimelipa". Muuzaji akiona hela, anaachilia.

Sasa penye mtego. Ukishalipa, muuzaji anakuandikia: "Mtandao unasumbua, ghairi oda nikurudishie hela yako." USIGHAIRI. Ukighairi, kufuli linafunguka na sarafu zinarudi kwake. Hela yako iko M-Pesa yake na soko halina tena cha kushikilia. Fungua malalamiko ukiwa ndani ya oda hiyohiyo na uweke ujumbe wa muamala.

Ukiwa muuzaji mambo yanageuka. SMS ya "Umepokea" siyo ushahidi, hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani. Piga *334# uangalie salio. Jina la aliyetuma likiwa tofauti na la kwenye oda, usiachilie, hata akisema ni simu ya mke wake. Huenda hiyo ni hela ya mtu wa tatu aliyetapeliwa, ambaye anadhani ananunua friji. Akishtuka ataomba muamala urudishwe kupitia 456, na fedha kuzuiwa kwako ni jambo la kawaida. M-Pesa ina njia ya kurudisha, blokcheni (daftari la miamala ya kripto) haina. Tapeli anaishi kwenye tofauti hiyo.

nodi_ya_pwani
Mkuu fundi umeeleza vizuri, ila umeruka kitu kinachowakwamisha wageni kila siku. USDT ikishafika kwenye pochi binafsi kwa Tron, mmoja wa mitandao inayosafirisha USDT, huwezi kuitoa bila kuwa na TRX, sarafu ya mtandao huo, kidogo humo. Ada ya mtandao hailipwi kwa USDT. Mtu anaona dola 36 zake, akibonyeza kutuma anaambiwa salio halitoshi, anaanza kupiga kelele kwamba pochi ni ya kitapeli. Nunua TRX ya kutosha miamala miwili mitatu ukiwa bado sokoni. Na ada inakuwa karibu maradufu kama anwani inayopokea haijawahi kushika USDT.

Mitandao nayo: anwani ya Tron huanza na T. Ya Ethereum na ya BNB zote huanza na 0x na zinafanana kabisa, hapo ndipo watu huchanganya. Ukikosea kati ya hizo mbili kwenda pochi yako binafsi, tulia: ufunguo (siri inayoifungua pochi) ni mmoja, ongeza mtandao sahihi kwenye pochi utaziona. Ukikosea kwenda anwani ya soko, ufunguo wanao wao, nao wakiwa hawaupokei mtandao huo, utabembeleza huduma kwa wateja kwa muda mrefu.

La mwisho, usinakili anwani kutoka kwenye historia ya miamala. Kuna matapeli wanakutumia muamala wa thamani sifuri kutoka anwani yenye herufi za mwanzo na za mwisho kama za yule uliyemtumia jana. Kagua na za katikati. Tuma kwanza kidogo, kikifika ndipo utume zilizobaki.

karani_wa_dar
Niongezee kwenye vikwazo. Watu wanasema "elimu", lakini kwanza kuna vitambulisho. Huku Tanzania wapo wengi wenye namba ya NIDA bila kadi mkononi, na soko la nje linataka picha ya kadi, mbele na nyuma. Wengine laini imesajiliwa kwa jina la mama au kaka. Kwenye P2P jina halilingani, oda inakwama. Hilo halihitaji semina, linahitaji laini yenye jina lako.

Kisha sheria. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kodi imefika kabla ya leseni, na mtu wa kawaida ana haki ya kuchanganyikiwa. Nigeria walizuia benki Februari 2021, wakalegeza Desemba 2023; katikati hapo watu hawakuacha, walihamia P2P.

Kwenu Kenya ile asilimia 3 ya Septemba 2023 ilikuwa inakata thamani yote ya muamala, siyo faida, yaani hata ukiuza kwa hasara unalipa. Ilifutwa Julai 2025, ikaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada anayokutoza mtoa huduma. Akikutoza ada ya shilingi 50, ushuru ni 5. Na tangu Novemba 2025 kuna sheria ya watoa huduma, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kabla ya kujiandikisha, uliza leseni.

satoshi_mdogo
Mimi sikubaliani na kuanzia USDT kwa 5,000. Kwa kujifunza, chukua bitcoin kwa njia ya Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya bitcoin. Bitcoin moja ni satoshi 100,000,000, na kwenye Lightning unaweza kutuma satoshi 500 kwa ada ya satoshi chache, inafika ndani ya sekunde. Kosa la kujifunzia linakugharimu senti. Asiye na simu janja anaweza kutumia Machankura, iliyoanza 2022, inafanya kazi kwa USSD kwenye simu ya vitufe. Ila ijulikane kwamba hapo ufunguo wanashika wao, kwa hiyo ni ya hela ya mfukoni tu.

fundi_p2p
@satoshi_mdogo kwa kujifunza, sawa. Lakini anayetaka kumlipa msambazaji wa China hataki bei iyumbe usiku kucha.

mwanagenzi
Nimewaelewa, asanteni sana. Moja tu: yale maneno 12 ya kurudishia pochi, nikiyapiga picha nikaifungia kwenye simu inatosha?

nodi_ya_pwani
Hapana. Picha inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kukuuliza, na anayeingia kwenye barua pepe yako anaikuta. Andika kwa kalamu, nakala mbili, sehemu mbili. Fuata mpangilio, weka namba 1 hadi 12; maneno yaleyale yakipangwa vingine hayakurudishii pochi yako. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048, na kwenye orodha ya Kiingereza herufi nne za mwanzo zinatosha kutambua kila neno, kwa hiyo mwandiko ukififia bado una nafasi. Kisha, kabla hujaweka hata shilingi, futa ile programu kwenye simu, iweke upya, rudisha pochi kwa karatasi yako. Ikileta anwani ileile, endelea. Ikileta nyingine au ikikataa, umekosea kuandika, na umeligundua pochi ikiwa tupu.