Nimesimamishwa mbele ya kamera kwa kosa la kabati tupu. Madaktari wa wilayani tumechoka!

Wakuu, nimetoka zamu, sijalala, na hasira hazijaisha.

Usiku wa kuamkia leo, saa 8, aliletwa mama wa uzazi wa pili. Chupa imeshapasuka, mtoto amekaa mkingamo. Hapo ni upasuaji tu, hakuna mjadala. Nafungua kabati, nyuzi za kushonea mfuko wa uzazi hakuna hata pakiti moja. Ikabidi nitoke nje nimwombe mumewe akanunue nyuzi na glavu duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Akanitazama, akauliza: "Daktari, hilo duka ni la nani?"

Nilielewa anachomaanisha, na simlaumu. Kila siku anasikia redioni kwamba huduma ya mjamzito ni bure.

Alirudi baada ya dakika 40, maana muuza duka alikuwa amelala. Dakika 40 nimekaa na yule mama, nasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka, na kazi nimesomea miaka 5 na mwaka mmoja wa intern! Mtoto alitoka amelegea. Nesi akampumulisha kwa maski, akampumulisha tena, mpaka akalia. Kilio kile ndicho kinachonizuia nisiandike barua ya kuacha kazi. Hakuna posho inayokifikia.

Asubuhi ukaja msafara wa kiongozi. Mume ameshalalamika. Naitwa mbele ya kamera na wagonjwa wangu: "Kwa nini unawauzia wananchi nyuzi?" Mkubwa wangu wa kazi, ambaye oda ya nyuzi aliisaini yeye mwenyewe, alikuwa pembeni anaangalia viatu vyake. Nimeambiwa niandike maelezo ndani ya siku 3.

Halafu mtu anasema madaktari tunalilia pesa. Ndiyo, posho ya kuitwa usiku sijaiona miezi 7, na nina haki nayo. Lakini hata mgomo wa 2012, wenzetu walidai vifaa vya kutibia pamoja na mishahara. Watu wanakumbuka mishahara, na Dkt. Ulimboka, kiongozi wa madaktari waliogoma, kuokotwa msitu wa Mabwepande, Dar es Salaam, akiwa ameumizwa vibaya. Suala la vifaa likafifia. Viongozi wa Afrika waliahidi pale Abuja mwaka 2001 kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mimi nawaomba pakiti za nyuzi!

Daktari hakati tamaa kwa sababu ya kazi nyingi. Anakata tamaa anapojua la kufanya, mikono anayo, kifaa hana, halafu lawama anabebeshwa yeye.

Nakala ya oda ninayo, ina tarehe na mhuri. Nataka isomwe mbele ya kamera zile zile, na yule baba awepo asikie. Wenzangu mliowahi kuandikishwa maelezo ya namna hii, mlijibuje? Nipeni ushauri mapema, leo saa 2 usiku naingia tena zamu na kabati liko vile vile.