Tupeane uzoefu: unasoma vitabu vya dunia kuharibika wakati nje nako hakueleweki, unatafuta nini hasa?

Shangazi wa Tabata
Wakuu habari za usiku. Leo nimemkuta mdogo wangu kalala na kitabu kifuani, kuangalia jalada ni Parable of the Sower ya Octavia Butler, moyo ukafanya paa. Hicho ndo nilikuwa nacho kwenye simu Oktoba 2025 wiki ile ya uchaguzi, intaneti hakuna, Dar kafyu, saa kumi na mbili jioni kila mtu ndani kwake. Nilikuwa nimeshakishusha zamani kwa hiyo kilifunguka bila bando.

Kwa ambao hamjakisoma, kimetoka 1993 ila hadithi inaanza 2024, California, maji bei imezidi petroli, watu wamezungushia mtaa wao ukuta, na kuna binti anaitwa Lauren anaandaa begi la kukimbilia huku wakubwa wanamwambia aache kutisha watu. Sasa we unasoma hayo na nje unasikia mlio hujui ni bomu la machozi au tairi la mtu. Mama mwenye nyumba akaniuliza unasoma nini mbona umekunja sura hivyo, nikaanza kumsimulia kwa Kiswahili, basi ikawa kila jioni wapangaji wako koridoni taa zimezimwa, "haya, Lauren kafika wapi?" Kuna mpangaji fundi magari, lile begi lilimkera kabisa, binti kaweka hela, kaweka mbegu, yeye anauliza "plaizi je? Anakimbia na nchi nzima imeharibika hana hata plaizi?"

Swali langu, mtu ambaye ana hofu tayari anaongezea hofu ya nini? Maana mimi nikishasoma ndo nilikuwa napata usingizi. Karibuni.

Kobe Mzima
Niko na wewe. Korona 2020 nilisoma habari za tauni tu kuanzia Machi mpaka shule zinafunguliwa. Sijui hata kwa nini.

Otis wa Kayole
Hapa Nairobi 2020 kafyu ilikuwa saa moja jioni, ukichelewa na matatu iko kwa jam unahesabu dakika hadi jasho. Mimi nilisoma Station Eleven, ya 2014, homa imemaliza karibu watu wote halafu wasanii wanazunguka vijijini kuigiza Shakespeare. Poa sana lakini mimi nilikuwa na swali moja tu, nani alikuwa analima? Unga inasagwa wapi? Magari hayana mafuta so pikapu zinavutwa na farasi, eti huo ndio mwisho wa dunia. Boss, huku mkokoteni na punda viko kazini kila asubuhi na hakuna mtu ameita hiyo mwisho wa dunia.

Kobe Mzima
🤣🤣 punda tena

Mtumishi_B
Kinywa huumba. Mnasoma balaa, mnasimuliana balaa usiku, halafu balaa likija mnashangaa.

Shangazi wa Tabata
Mtumishi, kitabu cha Ufunuo umekiruka?

Mtumishi_B
Ule ni unabii dada yangu, usifananishe.

Kalamu Kavu
Ila na nyie kila siku vitabu vya wazungu tu. Wa kwenu hamuwaoni?

Otis wa Kayole
Octavia Butler ni mwanamke mweusi mkuu. Google haiumi.

Kalamu Kavu
Nilimaanisha vya Kiingereza, usinirukie. Kezilahabi aliandika Nagona 1990, Mzingile 1991, dunia imevurugika kuliko hizo California zenu zote.

Kobe Mzima
Nagona nani aliielewa? Mwalimu wetu mwenyewe alisema someni tu.

Kalamu Kavu
Basi Kusadikika, 1951, nchi inaelea hewani na kila mjumbe anayerudi na habari njema anafungwa.

Otis wa Kayole
Hiyo ni kesi mahakamani, hakuna mtu anatafuta chakula. Mada ni kusurvaivu.

Kalamu Kavu
Kufungwa kwa kusema ukweli sio kusurvaivu? Haya endeleeni na farasi wenu.

Papa Junior
Miye ni wa Goma, Kongo, mutanicheka kwa Kiswahili yangu lakini leo nataka kusema. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia, moto ya umeme ilikatika, maji ya bomba ilikatika, batu wakateremuka na bidoni kuchota maji ya ziwa. Sisi tulilala mu koridor, mbali na dirisha, familia yangu na ya jirani. Nilikuwa na La Route, ile The Road ya McCarthy kwa Kifaransa, baba na mtoto wake wanatembea barabarani na kitoroli, kila kitu ni majivu. Mutoto wangu akasema papa soma. Nitasoma nini pale? Kuna mambo mule huwezi kumupa mutoto. Nikawa nabadilisha. Akiuliza leo wamekula nini, nasema sombe na samaki. Bunduki inalia upande wa uwanja wa ndege, miye napikia watu wa kitabu sombe. Tulipofika pale wanakuta shimo limejaa makopo ya chakula, hapo sikubadilisha kitu, nilisoma vile vile, na jirani mama mtu muzima akasema rudia tena hapo. Nikarudia. Akasema rudia.

Lakini kuna kitu nabishana na yule muandishi mpaka leo. Barabara yake ni kimya. Miye nimekimbia, si mara moja. 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, halafu tarehe 27 wakatuambia tutoke, tukashika njia ya Sake na miguu. Ile barabara ilikuwa kelele! Nyanya tulimupandisha juu ya chukudu pamoja na matelas, yeye ndiye anatoa amri kwa watu bote, mama anaita mutoto, mbuzi analia, mtu anauza mandazi mu katikati ya kukimbia na watu wananunua, wanadai chenji. Sijaona kitabu kimoja cha kukimbia chenye mtu anadai chenji.

Shangazi wa Tabata
Pole sana baba. Nimesoma hii mara ya pili sasa.

Mtumishi_B
Mungu awalinde. Mi nimenyamaza.

Kobe Mzima
Chukudu ndo nini?

Papa Junior
Kama baiskeli kubwa ya mbao, haina pedali, unasukuma. Inabeba viazi, makaa, nyanya.

Kalamu Kavu
Kaka andika hiyo. Acha kubishana na McCarthy, andika.

Otis wa Kayole
Ushauri wangu: usisome usiku. Na uwe na kitabu cha karatasi, simu huisha chaji ukiwa mahali patamu.

Kobe Mzima
Usiku ndo penyewe, mchana utasoma saa ngapi? Nunua pawa benki. Na chumvi, watu mnasahau chumvi.

Mama Wawili
Mi naanza ukurasa wa mwisho, nikikuta mtoto amekufa naacha.

Kijana Mpya
Mwenye pdf ya hivyo vyote aweke hapa

Kalamu Kavu
Nunua. Waandishi wanakula.

Kijana Mpya
Butler si alishafariki?

Mama Wawili
Nilikiona kwa wauza mitumba pale Posta ila kurasa za mwisho zimechanika, jamaa kanipunguzia nusu bei.

Otis wa Kayole
Sasa wewe utaanzia wapi?