Daftari la aliyejiua: lisomwe au lisitiriwe?

Mwalimu wa Malindi: Kijana wa mtaani kwetu amejiua, kaacha daftari la mwaka mzima. Babake ataka kulichoma. Mimi nasema mshauri nasaha alisome kwanza, tujue maumivu yalianzia wapi na yalikuaje. Mwasemaje?

Bint Langoni: Mwosha maiti hasimulii alichokiona. Daftari nalo lina uchi wake. Lisitiriwe.

Msomi Pwani: Edwin Shneidman, mwanasaikolojia wa Marekani, alizikuta barua za waliojiua kwa mamia, mwaka 1959 nadhani. Baadaye akaona barua ya mwisho haisemi mengi, kwa kuwa saa ile akili imeshafinyika. Daftari la miezi ndilo huonyesha ilivyokuwa ikifinyika. Ila hayo ni ya Wazungu, vijana wetu wa mashuani hawaandiki.

Nahodha Matondoni: Hawaandiki nani? Miaka 22 naandika: kusi, kaskazi, abiria, deni la mafuta. Usitudharau.

Msomi Pwani: Hilo ni daftari la hesabu, nahodha. Si la moyo.

Nahodha Matondoni: La marehemu ndugu yangu pia lilikuwa la hesabu. Mwanzo ukurasa mzima: samaki, bei, mtoto kaota jino. Kisha nusu ukurasa. Kisha mistari miwili. Ramadhani yake ya mwisho hamna jina la mtu humo, hata la mkewe. Tarehe, na "nimechoka". Wiki ya mwisho kalipa madeni yote, uso mkunjufu, tukasema alhamdulillahi, kapona. Sasa niambie, hiyo ni hesabu?

Kijana wa Mambrui: Polisi watalichukua hilo daftari. Kujaribu kujiua ni jinai.

Mwalimu wa Malindi: Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya, kinachosema hivyo, Mahakama Kuu ilishasema kinakiuka Katiba, Januari 2025. Na marehemu hashtakiwi. Turudini kwenye daftari jamani, babake keshatafuta kiberiti.

Msomi Pwani: Nahodha, nisamehe. Sikujua. Na ule mwaka wa barua za Shneidman ni 1949, nilikosea.

Bint Langoni: Nahodha, na wewe siku hizi waandika?

Nahodha Matondoni: Naandika. Jana tarehe tu.

Bint Langoni: Nakuuliza waziwazi, ndugu yangu: wawaza kujiua?

Nahodha Matondoni: Sijafika huko. Lakini silali.

Bint Langoni: Baada ya Magharibi twaja, mimi na mume wangu. Usizime simu.