Nyumba ya marehemu baba imechorwa X: mliopitia haya, tupeane uzoefu

Binti wa Kaptembwo
Hamjambo nyote. Mzee wetu alituachia ploti Kaptembwo, hapa Nakuru: nyumba ya familia na vyumba sita vya kupangisha nyuma yake. Mwezi jana maafisa wa kaunti walichora X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa, na kuacha notisi yenye jina la baba. Vyumba vyote havina plani iliyopitishwa, na viwili vya mwisho vimeingia kwenye hifadhi ya barabara.

Mama aliikunja ile notisi akaiweka ndani ya Biblia. Niliiona siku ya tisa.

Notisi haingoji matanga wala mirathi. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inakupa siku 14 tangu upewe notisi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti, nayo kamati ina siku 30 za kuamua. Mimi nilibaki na siku tano. Nilipofika ofisini niliulizwa, "Wewe ni nani kwa hii ploti?" Nikajibu ni bintiye. Jibu hilo halikutosha, kwa kuwa hati bado ina jina la baba.

Rufaa niliiwasilisha pamoja na cheti cha kifo na barua ya chifu. Vile viwili vya barabarani tumevibomoa wenyewe, tukaokoa mabati na madirisha. Mama alilia sana. Baba alivijenga kimoja kimoja, na kodi yake ndiyo iliyonisomesha. Nawezaje kuviokoa vinne vilivyobaki?

Mjukuu wa Dani
Pole sana dada. Sisi ni Manyatta, Kisumu, nyumba ya dani, yaani nyanya yetu, ambaye ni marehemu. Aliyekuja kwetu ni afisa wa afya: choo cha shimo kimejaa, tena kiko karibu na kisima ambacho wapangaji wote wanachota. Kusema kweli alikuwa sahihi, watoto walikuwa wanaharisha kila mvua ikinyesha.

Shida ilikuwa ni nani aguse mali. Ami alishaanza kukusanya kodi, na kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa, hata kama wewe ni mtoto wake wa kuzaa. Mirathi kamili ni safari: tangazo kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla idhini haijathibitishwa. Wakili akatuambia tuombe idhini ya muda ya kulinda mali. Huwezi kuuza wala kugawa, lakini unaweza kusimama mbele ya kaunti na kukarabati kinachohatarisha watu. Tulifukia choo, tukajenga kingine mbali na kisima.

Fundi Lurambi
Kakamega. Notisi yetu ilihusu ukuta wenye ufa, lakini nilipopanda juu nikakuta paa la asbesto. Kenya iliipiga marufuku 2006, ila nyumba za zamani bado zinayo. Tafadhali msimruhusu mtu aivunje kwa nyundo! Vumbi lake linaharibu mapafu. Hulowanishwa, hutolewa nzima nzima, hufungwa kwa plastiki, na wa kuibeba ni mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Section 58
Binti, mimi ni wa mtaa wa Section 58, hapo Nakuru. Usimpe pesa mtu wa "nitakuongelea" na maafisa. Kaka yangu alitoa 40,000, hakupata risiti, na notisi ya pili ikaja. Angalia pia malimbikizo ya kodi ya ardhi. Plani yetu ilikwama hapo, si kwenye michoro.

Binti wa Kaptembwo
Asanteni kwa moyo wote. Mjukuu wa Dani, hiyo idhini ya muda mlingoja sana?

Mjukuu wa Dani
Wiki tatu. Wakili aliambatanisha notisi yenyewe na picha za choo, hakimu akaona haraka ilipo. Piga picha za ukuta na ile X kabla mvua haijaifuta.

Binti wa Kaptembwo
Nimepiga leo jioni. Notisi imetoka kwenye Biblia, iko kwa bahasha pamoja na cheti cha kifo. Kesho asubuhi tunaenda mahakamani, mimi na mama.