Mjadala: Familia za mitaani Nairobi zilipiwe vyumba kwanza, au zirekebishwe kwanza?

Mleta mada

Ndugu zangu, nauleta mjadala huu kwa sababu kila kaunti zetu zinapozungumzia familia za mitaani, linaloulizwa ni jinsi ya kuwaondoa watu barabarani, na ni nadra kusikia mtu akiuliza watakaaje huko wanakopelekwa. Mtu aliyelala nje miaka kumi akishapata chumba, ni nini kitakachomfanya awe bado yumo ndani ya chumba hicho mwaka ukiisha? Na je, fedha za umma zimlipie kodi akiwa bado anavuta gundi au anakunywa, au apitie kwanza kituo cha urekebishaji ndipo ahesabiwe kuwa anastahili mlango wake mwenyewe?

Mimi nasema alipiwe chumba kwanza, na akishaingia asiachwe peke yake. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo tunayoisahau.

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Wakati huo Hazina ya Urekebishaji wa Familia za Mitaani ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, kwani iliundwa mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia na vijana wengi wakaondolewa katikati ya jiji na kupelekwa vituoni, baadhi yao wakaingizwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Wapo waliotoka huko na ufundi wa kuwalisha hadi leo. Wapo pia waliorudi kwenye veranda zilezile, na hao ndio wanaonishughulisha. Sheria ya Uzururaji tuliifuta mwaka 1997, lakini wazo lililoizaa, kwamba kila asiye na makao ana "kwao" anakostahili kurudishwa, bado limo vichwani mwetu. Februari 2019 watoto wa mitaani wa Nakuru walikusanywa usiku wakaenda kutupwa kaunti jirani ya Baringo, kana kwamba kuvuka mpaka wa kaunti ni kupata makao.

Naomba nieleze jambo nililoliona kwa macho yangu. Kikundi chetu cha kanisa kilimpangia chumba mzee mmoja aliyekuwa akisukuma mkokoteni katika soko la Marikiti na kulala nje ya maduka. Kilikuwa chumba cha mabati, futi kumi kwa kumi, kodi shilingi 3,000 kwa mwezi. Tulimnunulia godoro, jiko la mafuta, sufuria mbili na pazia. Nilipomtembelea wiki ya kwanza nilikuta godoro limeegemezwa ukutani likiwa bado ndani ya nailoni yake, na yeye akilala sakafuni karibu na mlango, viatu vikiwa chini ya kichwa, mlango ameuacha wazi kidogo. Alisema ukifungwa hasikii anayekuja. Ufunguo alikuwa akimwachia mama anayekaanga mandazi langoni, kwa sababu hakuwahi kumiliki ufunguo maishani na alihofia kuupoteza. Kila jioni alirudi mjini kwa miguu, kwenye bezi, yaani pale wanapokaa pamoja watu wa mitaani, akale na wenzake, kwa kuwa chakula cha kula peke yako, alisema, hakishuki.

Sisi tuliona mambo yameharibika na tulikuwa tunajiandaa kumwonya. Kumbe yule mama wa mandazi, bila kuombwa na mtu, alikuwa ameshaanza kazi ambayo sisi hatukuipanga. Mzee alipopeleka ufunguo asubuhi alipewa chai, akaketi kwenye benchi, wateja wakamzoea, mmoja wao akampa kazi ya kuchota maji, mwingine akamuuliza jina la baba yake wakagundua kwamba wote ni wa Murang'a. Mwezi wa tano nilikuta godoro liko chini, limetandikwa.

Wanaosema nyumba kwanza wana ushahidi wao. Ufini ilikuwa na watu 18,000 hivi wasio na makao mwaka 1987. Kuanzia mwaka 2008 iliifanya nyumba kuwa hatua ya kwanza, ikageuza mabweni ya kulala usiku kuwa nyumba zenye mikataba ya upangaji, na mwaka 2023 waliobaki bila makao walikuwa 3,429. Mwaka uliofuata idadi ilipanda hadi 3,806, baada ya ruzuku ya kodi ya nyumba na misaada mingine kupunguzwa, na kupanda huko kunafundisha sawa na kule kushuka. Kanada nayo ilifanya jaribio kubwa katika miji mitano kati ya mwaka 2009 na 2013, kwa watu zaidi ya 2,000 wenye maradhi ya akili. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa ndani ya nyumba muda wote, na kwa waliofuata huduma za kawaida ilikuwa asilimia 31. Lakini katika ulevi na afya ya akili makundi yote mawili yalipata nafuu ya kukaribiana. Maana yake ni kwamba mlango humpa mtu usingizi, na mengine yanataka watu.

Kwa hiyo naomba tujadili bajeti na tuache huruma pembeni kidogo. Fedha tunazozitumia kuwalaza watu vituoni zingeweza kuelekezwa kwenye kodi za vyumba katika ploti za kawaida, yaani viwanja vyenye vyumba vya kupanga, pamoja na mshahara wa mtu wa kuwatembelea wapangaji kama kumi na watano kwa miaka miwili, kumfuatilia kila mmoja kitambulisho kwa chifu, na kumwingiza kwenye chama cha akiba cha hapo mtaani. Mzee wa miaka 70 anastahili shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kila mwezi, lakini asiye na kitambulisho na asiyejulikana anakokaa hawezi kuzipata. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na hakikuongeza maneno "akishaacha gundi".

Mchangiaji: mwenye ploti, Kayole

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na sina ubaya na mzee wako. Naomba nami unisikilize, kwa kuwa katika mijadala hii mwenye nyumba hutajwa kama mtu asiye na moyo.

Nina vyumba kumi na viwili, choo kimoja na bomba moja la maji, na vyumba hivyo ndivyo vilivyowasomesha wanangu baada ya baba yao kufariki. Shirika moja liliniletea kijana wa namna hiyo, likalipa dipoziti na kodi ya miezi miwili, na mtu wake akawa anakuja kila wiki. Mwezi wa tatu kodi haikuja wala yeye hakuja. Nikaanza kuona watu sita wakilala ndani ya chumba cha mtu mmoja. Choo kikaziba. Wapangaji wangu wawili, mmoja ana mtoto mchanga, wakahama usiku mmoja kwa sababu ya ugomvi na harufu ya gundi. Nilipiga simu ya shirika mpaka nikachoka, na mwishowe mimi niliyempokea ndiye niliyeonekana katili kwa kumtoa.

Unaposema asiachwe peke yake, ni nani hasa huyo asiyemwacha? Mama wa mandazi si mfanyakazi wa serikali, na akiugua kesho mpango wako wote unalala. Halafu kuna jambo ambalo wengi wanaogopa kulisema: katika ploti yangu kuna mjane anayefua nguo za watu ili alipe kodi, na hajawahi kunichelewesha. Nitamwambia nini nikimweleza kwamba jirani yake analipiwa kwa sababu alikuwa mtaani, na yeye halipiwi kwa sababu alijitahidi asifike huko? Mimi bado naamini mtu aanze kituoni, atulie, ajue kuishi na watu, ndipo aje kwangu. Ufini wana nyumba za umma na misaada ya serikali. Sisi tuna mimi na ploti yangu.

Mchangiaji: aliyelala nje miaka tisa

Mama, pole kwa yaliyokupata. Ninakubali ulidhulumiwa, na aliyekudhulumu ni yule aliyeacha kupokea simu. Kijana naye alidhulumiwa siku ileile.

Kituo nimekipitia mara mbili. Kitanda kilikuwa kizuri, chakula kilikuwepo, nilijifunza useremala, na sikuvuta chochote kwa miezi minane. Siku ya kutoka nilipewa cheti na nauli, nikashuka kwenye gari mjini saa kumi na mbili jioni, na watu pekee waliokuwa wakijua jina langu katika jiji zima walikuwa pale bezi. Nilikwenda kwao. Ungekuwa wewe ungekwenda wapi? Nilijifunza kutulia nikiwa mahali ambapo kuna mlinzi, kengele na mpishi, na hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa linaningoja nje. Kuishi na majirani, kuvumilia foleni ya choo, kuweka akiba ya kodi wakati mfuko una shilingi mia mbili na njaa inauma, hayo nilijifunza ndani ya ploti, baada ya kufukuzwa mara moja, na kituoni yasingefundishika.

Kuhusu wale sita waliolala ndani, naomba mwelewe jambo ambalo mtu wa nje haoni. Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, waliochanga pesa za sanduku ni watu wa bezi, waliookota chupa siku tatu mfululizo. Kisha unaniweka ndani ya chumba, mvua inanyesha, wao wako nje, na unaniambia nifunge mlango. Hiyo kwangu ilikuwa ngumu kuliko kuacha gundi. Hatimaye nilijifunza kuwaambia waje mchana, tupike, tule, na jioni waende. Lakini ilinichukua zaidi ya mwaka, na alinifundisha mtu aliyewahi kulala nje kama mimi.

Na wewe, ndugu mleta mada, nina neno kwako. Watu wa vikundi kama chenu walikuwa wakinitembelea kwa fulana zenye maandishi mgongoni, wakipiga picha za chumba changu na sufuria zangu. Majirani hawakujua nilikotoka mpaka fulana zile zilipoingia langoni, na tangu siku hiyo watoto wao waliniita chokoraa. Mkitaka mtu awe mwenyeji mahali, msimtangaze. Mkataba wa chumba uandikwe kwa jina lake, kodi aifikishe yeye mwenyewe kwa mwenye nyumba hata kama fedha imetoka kwenu, na anayemtembelea aje kama wageni wengine wanavyokuja.

Mleta mada

Ndugu yangu, fulana hizo tulikuwa nazo, za kijani. Sikuwahi kufikiri kwamba nguo yangu inaweza kumvua mtu heshima yake mbele ya jirani, na ninakuomba msamaha wewe kwa niaba ya wale ambao sitakutana nao tena.

Mama, hoja yako kuhusu anayeshika simu ni ya kweli, na ninairekebisha kauli yangu. Hapo juu nilimsifu mama wa mandazi mno, nikasahau kwamba ukarimu wake ulifanikiwa kwa sababu kodi haikukosa hata mwezi mmoja; ingekosa, asingekuwa na mtu wa kumpa chai. Ujirani hauwezi kuagizwa na kaunti, lakini kodi inaweza. Kwa hiyo napendekeza kaunti yenyewe, na si kikundi wala shirika, iwe mdhamini wa mkataba kwa miaka miwili, iweke fedha za kutengeneza kilichoharibika, na iwe na ofisa mmoja ambaye mwenye ploti anamjua kwa sura. Na mambo yakishindikana, mpangaji ahamishiwe chumba kingine pamoja na yule anayemfuatilia. Huko kulikofanikiwa walizingatia hilo kwa ukali: mtu kupoteza nyumba hakumfanyi apoteze msaada.

Kuhusu mjane, sina jibu la kukuridhisha na sitajifanya ninalo. Ninachojua ni kwamba sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi, na nyumba zinazojengwa zinamtaka mnunuzi mwenye amana na kipato cha kutegemewa kila mwezi. Mfuaji nguo na msukuma mkokoteni wote wawili wako nje ya mlango huo. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingeruhusiwa kulipia vyumba ambavyo tayari vipo, kama vyako, basi mjane aliyekwama mwezi mmoja angesaidiwa kwa dirisha lilelile kabla hajafika mtaani. Itabidi sheria ibadilishwe, na hapo ndipo ningependa wengine wachangie.

Nakuuliza wewe moja kwa moja, Mama: masharti hayo yakiandikwa na kaunti ikatia saini, utampangisha?

Mchangiaji: mwenye ploti, Kayole

Nitampangisha mmoja, kwa miezi sita ya kwanza, na namba ya huyo ofisa iandikwe kwenye mkataba. Wawili siwezi, kwa sababu choo ni kile kimoja. Na kabla ya kuhamia aje mwenyewe tuketi tuzungumze, kama ninavyozungumza na mpangaji mwingine yeyote. Asiletwe.